Ubavu wa Saba

Karakanani walimwita Bibi Sikio, na hakukasirika. Wangeweza kumwita vibaya zaidi. Alichomelea matangi ya chuma yanayoteremshwa baharini kuvuta mafuta kwenye meli zilizozama. Tangi likikamilika, aliingia ndani na kinyundo, akafumba macho na kugonga mshono mmoja mmoja. Mshono mzima huimba, mbovu hukohoa. Aliyechomelea ule unaokohoa huandikwa jina ubaoni, hupewa ufagio, na tangi la kina kirefu haligusi tena. Sheria hiyo aliitunga yeye, na vijana waliolia mbele yake hawakumlainisha.

Humo ndani alikuwa kama mtu anayeota akiwa macho. Mwanga uliingia kwa tundu moja juu, ukatandaza duara sakafuni, na kila mlio ulizunguka ukutani ukarudi taratibu. Alijiona yuko chini kabisa baharini, kwenye ukijani mzito, maji yakiegemea chuma kila upande. Hayakuwa na haraka, yale maji.

Kesho kutwa mume wa bintiye, mzamiaji, angesimama kando ya tangi hili akiunga bomba. Pampu ikianza kuvuta, mbavu za chuma zilizochomelewa ndani yake ndizo pekee zingelizuia lisibonyee. Likibonyea, aliye kando hana pa kukimbilia.

Ubavu wa kwanza uliimba, hata wa sita. Wa saba ukasema: ko.

Akagonga tena. Ko.

Mshono ule ulikuwa wake. Miezi miwili nyuma simu ilimpasha kwamba bintiye amejifungua, naye akaumalizia mbio mbio, akicheka peke yake, akakimbilia hospitali.

"Bibi, umelala humo?" Fundi mkuu alichungulia tunduni. "Picha za eksirei zimepita zote. Tufunge?"

Hakuna mwingine ambaye angesikia. Alishika chaki ya kutia alama, akiupenda moto wa kuchomelea, ambao sasa angenyang'anywa, kuliko alivyowahi kuupenda.

"Lete msumeno," akasema. "Ubavu wa saba ukatwe."

Walipokata, wakakuta kishimo cheusi, cha kutosha punje ya mchele.

"Kadogo hivi!" fundi mkuu akanong'ona. "Bibi, hili tungelimaliza sisi kwa sisi."

"Kina mama wa wale vijana nao wangependa tuyamalize sisi kwa sisi," akajibu, akaenda kuandika jina lake ubaoni.

Jioni mkwewe alipita na mtoto begani, akamkuta anafagia vumbi la chuma.

"Mama! Wamekushusha cheo?"

"Nenda zako. Unanikanyagia taka."

Mkwewe akacheka, akamkabidhi mtoto ili afagie yeye. Bibi Sikio alifumba macho, akaweka sikio kwenye kile kifua kidogo, akasikiliza. Kisha akamwita mkwewe aje karibu, akaweka sikio kifuani kwake pia, muda mrefu, naye akasimama na ufagio wake, asijue anapimwa nini.