Niliifumua Kompyuta Mbele ya Washenga

Nimekosa. Naanza na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea nakujua sana.

Jina langu liache lipumzike. Hapa Majengo, Dodoma, wananijua: nina duka la nafaka na kimashine cha kusaga, nafungasha unga wa dona. Shule niliishia darasa la tatu. Nilianza soko la mahindi la Kibaigwa kwa kubeba magunia, nikawa dalali, na kilichonipandisha ni bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchoma gunia ili uone mahindi ya ndani. Juu wanakuwekea mazuri, chini yaliyobunguliwa. Sijawahi kununua gunia bila kulichoma. Sijawahi!

Sasa sikia ujinga wangu.

Lebo za unga nachapa mwenyewe kwa kompyuta ya dukani. Ile ya zamani ilikuwa nzito kama tofali, ukiiwasha inanguruma kama mashine ya kusaga. Niliipenda. Lakini ikaanza kukataa programu mpya, nikaambiwa prosesa yake, yaani ubongo wake, imepitwa na wakati. Nikamtuma Swalehe aninunulie nyingine. Swalehe ni fundi wa kompyuta, kijana wa kwetu Kondoa, na ndiye aliyekuwa anamtaka binti yangu Zulfa. Washenga wake walishapanga kuja Jumapili. Nilimtuma makusudi, nimpime.

Akaleta kitu chembamba kama sinia. Nakinyanyua, chepesi. Nakiwasha, kimya. Saa nzima imepita, naweka kiganja chini yake, baridi! Na programu yangu ya lebo ikagoma kufunguka. Swalehe akanieleza kwamba prosesa hii ni ya aina nyingine kabisa, haielewani na programu ya zamani, nimpe siku chache alete inayoendana nayo. Nikaitikia. Moyoni nikasema, huyu kanitolea vitu vya ndani.

Zulfa akaniona naizungukazunguka ile mashine.

"Baba, muulize mwenyewe. Usimchunguze."

Nikamjibu kwamba mimi gunia huwa siliulizi.

Jumapili washenga wakafika, chai ikanyweka, barua ya posa ikawekwa mezani. Mshenga mkuu, mzee wa rika langu, akawa anausifu uaminifu wa kijana wake. Hapo shetani akanipitia. Hapana, nisimsingizie shetani, ni mimi. Nikaenda kuichukua kompyuta, nikaiweka katikati ya vikombe, nikatoa bisibisi. Skrubu moja ilikaza, nikaubandua mfuniko kwa nguvu. Kitu kikalia ka! Sikujali. Nikachungulia ndani.

Feni hakuna!

"Mnaona?" nikawaambia wageni. "Huyo mwaminifu wenu kauza feni yangu."

Zulfa akatokea mlango wa jikoni, kajifunga kanga, mikono ina unga.

"Baba, toa simu yako."

Nikaitoa.

"Ina feni?"

Jamani! Simu ninayo miaka yote, naringa nayo, sijawahi kuitafutia feni. Akasema taratibu kwamba prosesa ya kompyuta ile ni ukoo mmoja na ya simu, haichemki ovyo, ndiyo maana haikuwekewa feni.

Mshenga akaweka kikombe chini. "Mzee mwenzangu, tulileta posa. Hatukuleta gunia." Akaichukua barua mezani, akairudisha mfukoni. Wakaondoka.

Kompyuta haikuwaka tena. Lebo nikaandika kwa mkono, na kwa mwandiko wangu wateja wakadhani ni unga wa kuku. Hayo niliyavumilia. Zulfa ndiye aliyenimaliza: asubuhi shikamoo, jioni chakula mezani, neno lingine hakuna. Wiki tatu! Namsikia analia chumbani, nami ni bingwa wa kujua mahindi mabovu.

Nikapanda basi hadi Kondoa. Nikakaa mkekani mbele ya baba yake Swalehe na mshenga yule yule, nikatamka neno ambalo tangu niote ndevu sijawahi kumwambia mtu: nisameheni. Swalehe, aliyekaa kando ya baba yake, alisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, ungeniuliza, ningekufungulia mwenyewe."

Afadhali angenitukana.

Barua ilirudi. Mshenga, kabla ya kukaa, aliweka mkoba wake mezani akausukuma kwangu. "Pekua kabisa, mzee mwenzangu, usije ukasema hatuna feni." Walicheka wote, mimi nikacheka wa mwisho. Ndoa ni baada ya mavuno, inshallah. Nimenunua kompyuta nyingine kama ile, kimya vilevile, na programu yake ya lebo Swalehe kaiweka.

Ila kuna jambo. Mpaka leo Swalehe akiniletea kitu, hata kilo ya sukari, anakifungua kwanza mbele ya macho yangu, ndipo ananikabidhi. Anafanya kwa adabu, wala hatabasamu. Natamani kumwambia aache, mwanangu, yameisha. Sina uso huo.

Wazee wenzangu wa sokoni, bambo ni la magunia. Kitu usichokijua, kiulizie. Mtu unayemjua, usimchome.