Bawa Nililolikunja Kama la Ndege

Shule niliiachia darasa la nne, lakini bati nalijua. Mteja mmoja wa Parklands aliniletea kigari chake cha mashindano nikitengenezee bawa la nyuma. Nikalikunja kama la ndege, mgongo juu, maana mabawa mengine sikuwahi kuyaona.

Jumatatu akarudi amefura. "Mzee, kwenye kona ya kasi gari iliinuka matako! Ulitaka kuniua?"

"Si ndege hupaa hivyo?"

"Na nani alikuambia nataka kupaa?"

Nikaling'oa bawa, nikaligeuza mgongo chini, ili upepo uligandamize gari barabarani. Akasema lazima nipande kando yake turudi kwenye kona ileile. Nikapanda, na presha yangu hii. Gari lilishika lami vizuri. Hilo nimeambiwa, mimi nilikuwa nimefumba macho.