Pindo la Uzi Mwekundu

Fundi cherehani yule hakuwa mtu wa kukurupuka, msije mkamsingizia. Likizo ndefu ilipokaribia, binti yake wa miaka kumi na mitatu alimwambia waziwazi: "Mama, nimechoka kuitwa Bonge. Nitafutie pa kupunguza mwili. Ila wasinipige picha. Nikitangazwa, shule sirudi ng'o!" Fundi akamwapia.

Akazunguka kwa miguu yake mwenyewe. Mahali pa kwanza waliuza chai ya kuyeyusha mafuta, kwa watoto! Akamwuliza mwenye duka kama ana haya, akatoka. Pa pili watoto walipanda mizani mbele ya wenzao, kocha akisoma kilo kwa sauti kama yuko mnadani. Loo! Mwisho akaenda kwa shoga yake, mwalimu wa mazoezi, ambaye walisukana naye nywele tangu darasa la tatu. Hapo ndipo palipokuwa na maana: watoto wanacheza, wanaogelea, wazazi wanafundishwa kupika, na hakuna anayeshindishwa njaa.

"Na picha?" Fundi akauliza.

"Shoga, huyu si mwanangu pia? Picha za nini?"

Fundi akamshonea binti vazi la kuogelea la kijani, maana ya dukani yalimbana. Kufika wiki ya tatu, mtoto alipanda ngazi huku anaimba, na chakula alikula mezani badala ya kujifungia nacho chumbani. Mama mtu alifurahi, acha tu.

Wiki hiyohiyo shoga akaleta mabango matano ya kitambaa yapindwe kingo. Kazi zake hazikuwahi kwenda kwa fundi mwingine. Sasa, bango hushonwa likiwa limeviringishwa. Unafungua ukingo tu upite chini ya sindano, katikati huna shughuli napo. Fundi akayapinda yote kwa mishono miwili ya uzi mwekundu, kama desturi yake. Shoga alisimama palepale anapiga soga, akiyashikilia yasifunuke, na Fundi wa watu akaona anasaidiwa! Alikaa mpaka la mwisho, akashukuru, akaenda zake.

Keshokutwa yake Fundi alitoka kununua vifungo. Pale njia panda akainua macho. Mwanawe huyo kwenye bango, mkubwa kama mlango, amejikunyata kando ya bwawa ndani ya vazi la kijani, na neno KABLA kichwani. Ubavuni mwake kawekwa binti mwingine kabisa, mwembamba: BAADA.

Alimkuta shoga anafuta mikeka ya mazoezi.

"Umenishikisha sindano nimwaibishe mwanangu mwenyewe?"

"Punguza sauti, kuna wazazi. Nilijua nikikuomba utakataa. Nikaona likishatundikwa mtazoea."

Hata aibu hana! Fundi alimtazama yule aliyemwita ndugu miaka yote hiyo, machozi yakamtoka kwa hasira. Kisha akakumbuka mtoto, akatoka mbio amuwahi kabla hajapita njia panda.

Hakumuwahi. Binti alikuwa kitandani, vazi la kijani limetupwa sakafuni, foronya ameikumbatia.

"Mwanangu, haki ya Mungu sikujua. Ni yule..."

Binti alikuwa anapitisha kidole kwenye pindo la foronya, mishono miwili ya uzi mwekundu.

"Mama," akasema bila kuinua uso, "mshono wako naujua."