Mbuzi wa Matanga

Nimeishi Uvira, Kigoma na Lusaka, na kila nilikohamia nimewakuta wale wanaume wawili. Mmoja kanzu fupi, mwingine tai ndefu. Hawasalimiani, lakini ukiwasikiliza utadhani wamelelewa na mama mmoja. Niliwajua kwanza kwetu Rumonge, kando ya ziwa, kusini ya Bujumbura, wakati wa vita, nikiwa kijana niliyetoka sekondari bila kazi, na tangu hapo sijaweza kuwaheshimu.

Wa kanzu alizaliwa mtaani kwetu, akapelekwa Uarabuni kusoma, akarudi sheikh mwenye sanduku la kaseti. Wa tai alikuwa mchungaji aliyetumwa na wafadhili wa ng'ambo, akaja na jenereta, spika na kaseti zake pia. Nchi inaungua, barabara ya Bujumbura ni ya kubahatisha, chumvi haifiki, lakini kaseti zilifika. Zilijaa sauti za watu ambao hawajawahi kuliona ziwa letu, na ndio waliotaka kutufundisha namna ya kuishi na jirani.

Kabla yao jambo lilikuwa jepesi. Mkristo akiwa na shughuli alimwita Mwislamu amchinjie, ili mtaa wote ule nyama moja. Kwetu mchinjaji alikuwa baba yangu. Alichinja kwa harusi, kwa ubatizo na kwa matanga, akapewa kichwa cha mnyama, akarudi nyumbani. Hakuna aliyemwambia kwamba dini yake imepungua.

Nyuma ya ua wetu aliishi mama mmoja Mbembe, Mkristo kutoka Kivu, muuza mawese. Mumewe, mvuvi, alipigwa risasi ziwani, hatukujua ya upande gani. Mtaa mzima ulimzika. Kwa desturi ya kwao mjane haendi sokoni mpaka avunje matanga, na matanga hayavunjiki mpaka wote waliomlilia marehemu wamekula chakula chake. Bidoni zake, yale madumu ya mawese, zilikaa nyuma ya mlango huku watoto wakila mihogo mitupu. Samaki hawakuwepo, maana jeshi lilikataza kuvua usiku. Kaka yake, mkubwa wa ukoo, akamletea mbuzi kutoka Gatete.

Ijumaa sheikh akatangaza kuwa anayechinja kwa matanga ya Wakristo amewasaidia katika ukafiri wao. Jumapili mchungaji akatangaza kuwa nyama iliyosomewa maneno ya Waislamu ni nyama ya sanamu. Walikubaliana kabisa, na nadhani ingewaudhi kulijua hilo. Sheikh akamwonya baba kuwa akimchinja mbuzi huyo, kazi yake ya machinjioni atapewa mtu mwingine.

Mjane alimwita baba kutoka upande wake wa ua.

“Muzee, huyu mbuzi iko anamaliza majani ya watu. Utakuja ao hutakuja?”

Baba akamweleza alivyoonywa na yule sheikh kijana.

“Yule? Nilimuogesha akiwa mutoto na hii mikono, upele mwili muzima. Leo amekuwa mukubwa wa kisu chako?”

Baba alicheka. “Nitakuja, mama. Lakini watu hawatakula.”

“Wewe chinja. Mambo ya kula uniachie mimi.”

Akachinja. Mikeka ilitandikwa, na zaidi ya nusu ikabaki tupu. Waumini wa mchungaji walisimama barabarani, mbali kidogo, lakini si mbali na harufu. Waumini wa kaseti ile nyingine walikaa barazani mwa msikiti wakiwa wametupa mgongo, kama watoto walionuniana. Watu hao hao walikuwa wamelibeba jeneza kwa zamu. Kaka wa mjane akasema kwa masikitiko kwamba matanga hayajavunjika. Itabidi dada yake akae ndani mpaka apatikane mbuzi mwingine. Katika vita ile, mbuzi mwingine angetoka wapi?

Mjane hakubishana. Alipakua sahani, akazifunika vitambaa, akawatuma binti zake wapitie milango ya nyuma ya kila nyumba ambayo haikuja. Kwetu, usiyetaka chakula unakirudisha kama kilivyo, na aliyekileta hakasiriki.

Jua halijazama sahani zilianza kurudi. Ya mchungaji ililetwa na mkewe, akiificha chini ya kitenge. Mifupa ilikuwa imevunjwa na uboho umenyonywa. Ya sheikh ilirudi imeoshwa ikang'aa, haina hata mfupa. Watu wa Mungu, mbele ya spika na nyuma ya mlango.

Mjane akazipanga zote miguuni pa kaka yake.

“Angalia mwenyewe, kaka. Nani hajakula?”

Kaka akaokota mfupa mmoja, akaugeuza, akauangalia tundu lake. Akasema matanga yamevunjika.

Asubuhi mjane alijitwika bidoni, akapita mbele ya msikiti, akapita mbele ya kanisa, akawaamkia wote wawili kwa heshima zote. Sheikh alikuwa anachezea tasbihi yake. Mchungaji akainama kukaza waya wa spika ambao haukuwa umelegea.