Namba ya Wanawake Sita

Ipo asubuhi moja isiyonitoka akilini, mwanangu. Nilikuwa msichana tu, huku Nunguni, na mvua ilikuwa karibu. Wanawake sita wa mwethya, kikundi chao cha kulimiana kwa zamu, walikutana kuanza mitaro ya fanya juu, ile ya kurusha udongo upande wa mlimani. Mama alikuwa amewekwa mwisho, na shamba letu ni mteremko mtupu. Mvua ikiwahi, udongo wetu wote ungeishia mtoni. Akasema anajitoa.

Akitoka mmoja, kikundi kimekufa. Mwenzao, Mwalimu Mutheu, alifundisha hesabu shule ya msingi. Hakumbembeleza mtu. Alichora duara mchangani kwa mpini wa jembe, akaandika kulizunguka: 1, 4, 2, 8, 5, 7. Kila mwanamke akasimama kwenye tarakimu yake kufuata zamu. Mama akaangukia saba.

Mwalimu akaniambia nisome kuanzia moja, 142857, kisha nizidishe kwa tatu. Nikapiga hesabu chini kwa kijiti: 428571. Tarakimu zilezile, mwanangu, kwa mfuatano uleule, ila sasa zimeanzia kwa mwanamke wa pili. Kwa mbili nikapata 285714, zimeanzia kwa wa tatu. Nilirudia nikidhani nimekosea. Nikaenda mpaka sita, na hakuna tarakimu hata moja iliyomruka jirani yake. Hakuna mtu aliyeipanga hivyo. Ilikuwa hivyo kabla milima hii haijakuwa.

Mama hakutikisika. "Mwalimu, hiyo namba yako haiwezi chimba shamba yangu. Mimi nataka kuanza."

"Sawa, Mama Mwende. Basi turudie kuzidisha na tano."

Ikatoka 714285. Saba mbele. Mama akatabasamu, kisha akageuka kuona nani sasa amebaki nyuma. Alikuwa Mama Kioko, aliyesimama kwenye tano, mtoto mchanga mgongoni, na shamba lake linateremka kushinda letu. Mama alimtazama kwa muda.

"Wacheni tuanze tu vile tulikuwa tumepanga," akasema.

Mwalimu akanipa ya mwisho, kwa saba. Nilitarajia zizunguke tena. Zikatoka 999999, tisa tupu, zote sawa. Wanawake wale waliinama kuzitazama mchangani. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Zamu yetu ilipofika, ya mwisho, mvua ilitukuta shambani, mtaro wa mwisho haujaisha. Mama akawaambia waende nyumbani. Hakuna aliyeondoka. Walichimba wamelowa chapachapa, na Mama Kioko ndiye aliyerusha udongo wa mwisho.

Mwanangu, usiikimbie hesabu. Humo mna mambo ya kukufanya uvue kofia. Na ukitaka sana kuwa wa kwanza, geuka kwanza uone unamwacha nani nyuma. Mungu akupe majirani ambao zamu yako ikifika, hata kwenye mvua, watakuja.