Matobolwa ya Kununua

Chumba nilichopewa nifundishie vijana biashara kiko nyuma ya msikiti, hapa Gongoni, na asubuhi watoto wanasoma madrasa humo humo. Baada ya alasiri kinakuwa changu. Nafuta ubao, naiacha kona yenye herufi za watoto nisiiharibu, halafu naandika swali langu lile lile: Nani anakikosa?

Hilo ndilo somo langu lote. Vijana wakija wanataka niwaambie biashara gani inalipa. Siwaambii. Nawaambia, fikiria kitu unachojua kukitengeneza, halafu niambie nani anakikosa. Mimi mwenyewe sikusoma sana. Sekondari nimeimaliza kwa masomo ya jioni, tayari nina watoto, mgongo unaniuma kwa kufua nguo za watu. Na kufua nako nilikuanza kwa swali hilo hilo, nilipowaona wauguzi wa hospitali ya Kitete wanatoka zamu wamechoka, na kesho wanatakiwa wavae sare nyeupe.

Mwanzoni chumba kilijaa. Ramadhani ikapita, wakapungua. Wengine walipata bodaboda, wengine waliolewa, wengine hata sijui. Kiangazi kilipofika alikuwa amebaki binti mmoja.

Na nyumbani nilibaki mimi. Mume wangu, Mungu amrehemu, ametangulia. Wanangu wako Dar es Salaam, wanapiga simu Ijumaa. "Shikamoo mama." "Marahaba." "Mzima?" "Mzima, alhamdulillahi." Hapo simu imekwisha. Kwa hiyo nilikuwa namchelewesha yule binti kwa maneno mpaka adhana ya magharibi, somo limekwisha zamani, kwa sababu nikifika kwangu sina hata wa kumwambia kwamba maharage yameungua.

Binti alilelewa na bibi yake. Bibi alipokufa akahamia kwa mjomba, na mke wa mjomba alikuwa ameshamchoka. Mama yake mdogo alikuwa anamwita Dar akamlelee mtoto. "Mimi sitaki kuwa dada wa kazi kwa mama yangu mdogo," aliniambia. "Nikipata kazi ya mikono yangu hapa hapa, siendi." Nikaichukua kauli hiyo nikaiweka kwenye sijda zangu. Nilimwomba Mungu apate kazi, lakini sehemu ya "hapa hapa" niliiomba zaidi.

Kitu alichojua kukitengeneza ni matobolwa. Viazi vitamu unavichemsha, unavimenya, unavikata, unavianika juani mpaka vinakauka kabisa. Unatafuna hivyo hivyo, au unavichemsha tena uvile na karanga. Yeye alivikata vyembamba kama vidole vya mtoto, akavianika juu ya wavu visishike mchanga, akavitia kwenye pakiti safi na kuzifunga vizuri. Vilikuwa vinanata kidogo mdomoni, vitamu, vina harufu ya jua. Nikasema, hapa tumepata.

Tukaenda stesheni siku ya treni. Akina mama waliokuwa wamekaa na mizigo yao walicheka walipotuona.

"Heee! Siku hizi matobolwa yanavaa nailoni!"

"Karibu mama, onja," binti akasema.

Mmoja akaonja, akafumba macho. "Jamani. Nani kakufundisha?"

"Bibi yangu. Nikupe pakiti ngapi?"

"Za nini?"

"Za kununua, mama."

Yule mama akaitazama pakiti, akairudisha kwenye beseni taratibu kama kitu cha moto. "Mimi ninunue matobolwa? Kwani kwetu wamekufa wote?"

Wakacheka hao, wenye kupiga makofi wakapiga. Hakukuwa na ubaya ndani yake. Tukazunguka stesheni nzima, na kila tuliyemfikia alionja, akasifu, akarudisha.

Alikuwa amesema kweli yule mama. Sokoni matobolwa yapo, wageni wananunua. Lakini kwa sisi wa huku ni kitu cha kufungiwa na mtu wako, uondoke nacho. Ukienda kijijini kusalimia unafungiwa, ukisafiri unafungiwa. Marehemu mama yangu alikuwa akisema hata wapagazi wa zamani, waliopita njia hii kwa miguu kwenda pwani, walifungiwa hayo hayo, na kila mmoja alijua kafungiwa na nani. Ukionekana umebeba ya pakiti ni kama unatangaza kwamba huna mtu. Na mimi niliyekula matobolwa tangu sina meno sikuliwaza hilo hata kidogo.

Tulirudi na beseni letu. Njiani binti alisema jambo moja tu: "Nafikiri nimjibu mama mdogo."

Nilipofika nyumbani niliwaza nimtume jirani akanunue kwa hela yangu, binti asijue. Nikasimama kuswali na wazo hilo kichwani, na kabla sijatoa salamu nikajua ni uongo. Nikaliacha.

Kesho yake hatukuandika kitu ubaoni. Alikuwa amekuja na sinia ya vipande vilivyovunjika, akaiweka kati yetu. Mimi naongea, namtia moyo, maneno mengi. Yeye anaitazama sinia. Halafu akasema:

"Mama, umemaliza sinia."

Nikatazama. Kweli ilikuwa tupu.

"Kwako hujaletewa mwaka huu?"

"Ya kwangu yalikuwa yakitoka kijijini kwetu, Tura," nikasema. "Mama yangu alikuwa akimpa mtu kiroba kwenye treni, na mimi nakwenda kukipokea stesheni. Amefariki masika, kabla wewe hujaanza kuja hapa."

Akaivuta sinia upande wake. Halafu akasema, kama anayejisemea, "Basi wewe unakikosa. Na mimi, tangu bibi afe. Tuko wengi, mama, ila hapa tunaona aibu kuonekana. Wanao kule Dar wanaletewa na nani?"

"Hawaletewi."

"Na kule nani anamjua mwenzake hata aone aibu?"

Niliona mazungumzo yanakoelekea kabla yeye hajaona. Ningeweza kumwambia tutatuma mzigo kwa basi, yeye akabaki. Lakini mzigo hauwezi kumwambia mtu "karibu, onja." Nikalisema mwenyewe, sikumwachia yeye.

"Utakwenda. Ila si kulea mtoto wa mtu. Utafikia kwa mwanangu, na mkewe nitaongea naye."

Nilipopiga simu, mwanangu alicheka kama alivyokuwa akicheka mdogo. "Matobolwa? Mama, hapa kazini Wanyamwezi tumejaa, na Wasukuma ndiyo usiseme. Mlete!" Siku hiyo simu ilikuwa ndefu.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza. Akina mama walikuwepo na mizigo yao, kama kawaida. Nikamwambia, "Nipe pakiti moja."

"Chukua tu, mama. Ni yako."

"Sitaki kupewa. Niuzie."

Akaangalia huku na huku. "Watakuona."

"Waache wanione."

Akapokea hela kwa mikono miwili. Mama mmoja aligeuka akatutazama, hakucheka. Treni ikaondoka, na mimi nikarudi kwa miguu na pakiti yangu mkononi, sikuitia kwenye mkoba.

Mzigo wake uliisha mapema. Akapiga simu, "Mama, chemsha!" na tangu hapo wavu uko uani kwangu. Baada ya alasiri bado nakwenda chumbani kuandika swali langu. Siku nyingine anatokea mtu, siku nyingine nasoma peke yangu mpaka adhana. Nikirudi namenya, nakata, nafunga. Mama yangu alikuwa akifunga huku anajua ni ya nani. Hizi pakiti zangu zinakwenda kwa watu nisiowajua hata sura. Kila moja naisomea bismillahi, naikaza, nachukua nyingine.