Mano ya Kampuni na Chupa ya Mama

Nimepanga vyumba Sakania, Kasomeno na Kasumbalesa, na hakuna mahali nilipozoea. Watu wakiniuliza natafuta nini, nacheka tu. Nikiwa peke yangu nakumbuka sanduku la kioo lenye maji, samaki na majani, sebuleni kwa mkubwa mmoja wa Lubumbashi.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, nakaa bure kambini kwa wafanyakazi wa shaba. Baba alikuwa mchomeleaji, soudeur, katika karakana ya kampuni. Mkubwa huyo ndiye aliyeandika watu kazi, na hata siku za joto kali alivaa abakosi, ile suti ya serikali isiyo na tai. Alikuwa ameachiwa akwariamu, lile sanduku la kioo, na Mzungu aliyerudi kwao. Majani yake yalikuwa yanageuka manjano. Mzungu alimwambia kwamba majani ya majini hula gesi, ileile inayotia povu kwenye soda. Basi akamwita baba, kwa lile neno la enzi hizo, citoyen, yaani raia.

“Citoyen, unitengenezee mashini ya kuingiza ile gesi. Majani ikirudia muzuri, mutoto yako ataingia kazi.”

Ndivyo nilivyopimwa. Diploma yangu hakuuliza.

Jioni tulikaa jikoni kuchagua vifaa. Mama alipika munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi kinachochachuka chenyewe, kwa hiyo alijua povu linatoka wapi.

“Tuweke sukari na levire, ile ya kuvimbisha mukate, mu chupa,” alisema. “Kipira ya serumu ya hospitali itapeleka gesi mu maji pole pole. Ikiisha, tunafanya ingine.”

“Mama ya batoto, nipeleke chupa ya pombe kwa mukubwa? Atasema soudeur yake iko mulevi!”

“Heri mulevi kuliko samaki ya kufa.”

“Kintu ya kampuni haiharibikake,” baba alisema, na maneno yakaisha.

Akaomba mtungi wa gesi uliokuwa unatia povu soda za buveti, baa ya kampuni. Karakanani akatoa mano, kile kichwa kizito cha shaba cha kupunguza nguvu ya gesi, chenye saa mbili: moja inaonyesha gesi iliyobaki mtungini, nyingine nguvu inayotoka. Mano ile ilizoea moto wa kuchomelea, si samaki. Ukiigusa kidogo tu, maji ya akwariamu yalichemka kama sufuria. Baba akaongeza bomba dogo la kufungia, akalizungusha kwa ncha za vidole mpaka mapovu yakapanda moja moja. Nilimwonea fahari.

Lakini majani hula gesi mchana tu. Usiku hayali, gesi hujaa majini na samaki hukosa pumzi. Lazima mtu afunge kila jioni. Sisi watu wa kambi hatukutazama saa: tulikula, tulioga, tulirudi nyumbani kwa sirene, king'ora cha kampuni. Kwa hiyo baba alimfundisha mtumishi wa mkubwa kwa njia pekee aliyoijua.

“Sirene ya asubui, fungula. Sirene ya mangaribi, funga. Ile haidanganyake.”

Majani yalirudia kijani, yakaotesha vishanga vya hewa kwenye ncha. Mkubwa alileta wageni wayatazame. Akatuma neno nikapigwe picha za karatasi ya kazi. Nikapigwa, nimevaa shati la kuazima.

Kisha siku moja umeme wa kiwandani ulikatika, na jioni sirene haikulia. Mtumishi alikaa jikoni akiingoja, mpaka usingizi ukampitia. Asubuhi samaki wote walikuwa wanaelea juu ya maji, wamelala ubavu.

Baba alikwenda kueleza. Mkubwa hakumkaribisha kiti.

“Citoyen, niliita weye ao niliita sirene? Mutoto yako akafuge samaki mu muto Lubumbashi, kule hakuna mashini.”

Baba alirudi amekumbatia mano, akaketi akiifuta kwa kitambaa kana kwamba ndiyo iliyoumia. Mama alimwekea kikombe cha munkoyo. Hakukigusa.

Kesho yake jioni sirene ililia sawasawa. Baba akasimama mara moja, akaenda kuoga.

Nilipomwona akisimama vile, nilijua sitakaa pale kambini. Wiki hiyohiyo nilipanda treni ya Sakania. Zile picha bado ninazo. Kijana aliyemo ameinua kichwa kidogo, kama mtu anayesikilizia sirene.